Mkorea wa Koboko

Ukifika Koboko ukauliza kwa Mzee Yasiri, watu watakukodolea macho. Uliza kwa Mkorea, utapelekwa hadi mlangoni. Jina hilo alipewa na Sebit kinyozi, mtu ambaye mdomo wake hauna breki, na lilimganda mzee kwa sababu hadithi yake haikubadilika hata siku moja. Mpe kikombe cha chai na mtu wa kumsikiliza, basi, ataanza: kwamba alipokuwa kijana jeshini alipelekwa Korea na wenzake kusomea ufundi wa redio, kwamba alikaa huko mpaka akaanza kuota kwa Kikorea, kwamba magazeti ya kule aliyasoma kama wewe unavyosoma kibao cha duka.

Ushahidi? Hakuna. Vita vilipofika mwaka wa sabini na tisa, familia ilikimbilia Sudan, na vilivyobaki nyumbani viliungua vyote, vyeti na picha na koti zito la baridi alilorudi nalo. Wale wenzake nao wamekwenda mmoja mmoja, huyu kwa maradhi, yule kwa risasi, wa mwisho kwa uzee tu. Amebaki Yasiri na mdomo wake. Na mdomo mtupu, jamani, Koboko haumshindi Sebit.

Aliyeumia zaidi na jina hilo alikuwa binti yake wa mwisho, Jamilah. Shuleni walimwita mtoto wa Mkorea, naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Alipigana, akararua sare, akachapwa na mwalimu kwa kupigana, akachapwa na mamake kwa kurarua sare, kesho yake akapigana tena. Babake hakuwahi kuambiwa ugomvi ulihusu nini. Sasa Jamilah ni mwalimu wa shule ya msingi huko Dranya, mumewe anaendesha lori la Juba, mamake alishafariki, na siku nyingi nyumbani huwa yeye na mzee tu. Ngumi alishaziacha. Lakini mtu akitaja Korea kwa kicheko mbele yake, bado utaona shingo imemsimama.

Ikaja ile siku ya wachimba visima. Gari lao lilipata pancha mjini, na ndani mlikuwa na injinia Mkorea, Mkorea wa kweli, amevaa kofia pana, anatabasamu na kila mtu. Sebit aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akatimua mbio kumwita mzee. Kundi zima likamfuata hadi nyumbani kwa mzee. Jamilah alikuwa ametoka sokoni, akatua kapu lake pale mlangoni, akasimama mbele ya watu wote na uso umemjaa furaha. "Ngojeni!" aliwaambia. "Baba yangu anakuja. Leo mtasikia."

Mlango haukufunguliwa.

"Tumbo inanisumbua," sauti ya mzee ilisema kutoka ndani. "Waambie waende."

Gurudumu likafungwa, injinia akapunga mkono, gari likaondoka. Huo mcheko wa Koboko usiuulize. Hata wanawake wa kuuza mihogo walikuwa wakimwigiza, wanashika tumbo na kuugua kwa Kikorea cha kubuni. Jamilah aliokota kapu lake akaenda zake. Hakupigana na mtu, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Hakupigana kwa sababu, kwa mara ya kwanza maishani, alidhani waliocheka walikuwa na haki.

Tangu siku hiyo alimpikia babake kama kawaida, akamtengea maji ya kutawadha, akamwitikia "Baba" kwa heshima ileile. Ila mzee akianza hadithi zake, yeye alipata ghafla kazi ya kufanya uani. Jambo hilo lilimla ndani kwa ndani. Alitaka kujua, mara moja tu, kama alipigania ukweli au uongo. Na utamjuaje mtu anayesema anajua lugha ambayo mji mzima hauna mtu wa kumpima?

Likizo ilipofika alikwenda Arua. Alikuwa akijisomea shahada ya ualimu, masomo yale ya wafanyakazi, likizo hadi likizo, na chuo kilimpa kadi ya maktaba. Alasiri moja, akiwa amekwenda kutafuta kitabu cha kufundishia hesabu, alijikuta amesimama mbele ya meza ya Kasimiro. Kasimiro ndiye anayetoa na kupokea vitabu pale, kijana mpole wa Aroi, mwenye tabia ya kumjibu kila mtu kana kwamba amemtembelea kwake.

"Ndugu yangu," Jamilah alisema, akishusha sauti bila sababu, "humu mna kitabu cha Kikorea?"

Kasimiro aliweka kalamu chini. "Madamu, tangu nianze kazi hapa, hiyo swali hakuna mutu amenipatia."

Aliandika Korea kwenye kompyuta. Hakuna. Akaandika Kikorea kwa Kiingereza, hakuna. Jamilah alikuwa tayari ameshaanza kukunja kadi yake pale Kasimiro alipocheka.

"Usiende. Kompyuta inasema hakuna, lakini viko. Kuna watu walituletea maboksi, zawadi, vitabu vya kule kwao Asia. Wachina, Wajapani, sijui nani na nani. Sasa nani hapa angesoma majina? Tuliandika vyote 'Kitabu cha Asia', halafu namba. Kompyuta inajua viko. Haijui vinasema nini."

"Na rafuni mlivipangaje?"

"Kwa rangi."

"Kwa rangi!"

"Sasa Madamu ungetaka tupange kwa nini?"

Hapo hata yeye alicheka. Akapandishwa ngazi, akapitishwa nyuma ya magazeti ya zamani, na kweli, rafu mbili zimepangwa kama kanga dukani: nyekundu na nyekundu, kijani na kijani. Vingine vimesimama kichwa chini. Kasimiro alieleza kwa fahari kwamba vingine vilikuja vimechapwa kinyumenyume, ukifungua mwanzo unakuta mwisho, kwa hiyo hivyo aliviweka mgongo ndani ili visimchanganye mtu.

Jamilah alianza na vyekundu. Alifungua, akakutana na msitu wa vistari, akarudisha. Alifungua kingine, msitu mwingine. Alifanya hivyo mpaka vumbi likampigisha chafya. Hakuwa akijua herufi hata moja ya watu hao, ila kitu kimoja alikumbuka. Alipokuwa mdogo, babake alizoea kuchuchumaa uani na kijiti, akachora kwenye vumbi, na kumwambia: "Angalia. Mchina anachora. Mukorea anajenga. Hii ukuta, hii paa, halafu mviringo inakaa ndani kama mutu kwa nyumba yake." Basi akatafuta mviringo.

Aliupata kwenye kitabu cha bluu. Mviringo kila mahali, midogo, safi, imekaa ndani ya nyumba zake kama alivyoambiwa. Moyo ulimruka akataka kupiga kelele humohumo maktabani. Iko, Baba! Mviringo iko!

Halafu furaha ikapoa, kwa sababu mwalimu ni mwalimu hata akiwa na furaha. Kujua kwamba herufi zina mviringo si kujua kusoma. Malori ya mtumba yanapita Koboko kila siku na maandishi ya Kikorea ubavuni, hajayafuta mtu. Yeyote mwenye macho na kijiti angeweza kuyaiga. Alisimama pale na kitabu kifuani, hajui aende mbele au arudi nyuma.

"Umepata?" Kasimiro aliuliza. "Ee, hicho kiko na mwenzake. Ngoja." Akapekua vya njano, akachomoa kimoja cha ukubwa uleule. "Hivi vilikuja vimefungwa pamoja, kama pacha, rangi ndiyo ikavitenganisha. Cha bluu ni cha mwanafunzi, Kikorea tupu toka mwanzo mpaka mwisho. Cha njano ni cha mwalimu, kiko na Kiingereza yake ndani. Vinatoka pamoja, vinarudi pamoja."

Jamilah alifungua cha njano. Kila habari iliyokuwa kwenye cha bluu imetafsiriwa humo, ukurasa kwa ukurasa. Hapo wazo likamjia, na alilijua papo hapo kuwa ni wazo baya, na hakuliacha. Ampe babake cha bluu. Cha njano abaki nacho yeye.

Kasimiro alivipiga muhuri kwa mbwembwe zote. "Wewe ndiyo wa kwanza kabisa kuazima hivi," alisema, akavifunga kwa mpira na kumkabidhi kwa mikono miwili. Jamilah alishindwa hata kumtazama usoni alipokuwa akishukuru.

Mtihani aliutunga kama mtihani wa haki. Alipitia kitabu cha bluu chote, akaziruka kurasa zenye picha, maana picha ya ng'ombe hata Sebit angeisoma. Akaruka na kurasa zenye tarakimu. Akachagua habari mbili zilizo maandishi matupu, akatia jani kavu kwenye kila moja kuwa alama, akarudi Koboko.

Mzee alikuwa amemaliza sala ya alasiri, amekaa kwenye kiti chake cha kamba ukumbini. Jamilah alimsalimia, akamwulizia mgongo, akamwulizia mbuzi, akauliza hata habari ya jirani asiyempenda. Mwisho akatoa kitabu. Cha njano kilikuwa jikoni, ndani ya begi, chini ya madaftari ya wanafunzi.

"Baba, nimekuletea kitu kutoka Arua."

Mzee Yasiri alikitazama bila kukigusa. Kisha akainuka, akaenda kunawa mikono, akaifuta kwa upindo wa kanzu kidole kwa kidole. Akakaa tena, akavaa miwani yake iliyoungwa kwa uzi, na ndipo akakipokea. Alikinusa.

"Wameandika kubwa," alisema hatimaye. "Yetu ilikuwa ndogo."

"Nisomee, Baba. Hapa penye jani."

Kidole kikaanza kutembea chini ya mstari. Midomo ikacheza. Mara alitamka sauti fulani, akairudia, akatikisa kichwa. Mwalimu Jamilah ameona watoto wengi wakisoma namna hiyo, wale wa kubahatisha.

"Iko kijana," mzee alisema. "Kijana anaenda mahali na rafiki yake. Mahali gani, sijui. Hii neno haikuwako saa yetu."

"Haya, Baba. Acha niangalie chai."

Jikoni alifungua cha njano. Vijana wawili wanakwenda kucheza michezo ya kompyuta. Sawa, kijana yuko, na rafiki yupo. Lakini kijana anakwenda mahali na rafiki yake! Hadithi gani duniani haina kijana anayekwenda mahali? Hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeibuni. Alirudi na sinia, akamimina, akamwonyesha jani la pili.

Safari hii mzee alichukua muda mrefu zaidi. Chai ikapoa. Nje mtu alikuwa akipasua kuni, na kwa jirani redio iliimba nyimbo za Juba. Kidole kilifika katikati ya ukurasa kikasimama, kikarudi juu, kikaanza upya.

"Hapa ni mama," alisema. "Mama na barua. Hapana. Mama anangoja barua... ama ameandika yeye." Akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Hii inanichanganya."

"Nakuja, Baba. Nimesahau sukari."

"Sukari iko ndani ya chai tayari."

"Ya kuongeza."

Cha njano kilisema bibi kizee anatafuta posta, anauliza njia, na mpita njia anamsindikiza. Bibi, posta, barua. Karibu, lakini karibu ya kubahatisha nayo huwa karibu. Jamilah alikaa kwenye kigoda cha jikoni na begi mapajani. Aliona aibu, na si aibu ya babake. Alijiona yeye, mtu mzima, amejificha nyuma ya sufuria anampima mzee aliyemlea, na mzee mwenyewe kule ukumbini anahangaika na miwani ya uzi kumridhisha binti yake. Akasema moyoni, basi. Hata kama alitia chumvi maisha yake yote, ni chumvi yake. Inatosha. Nitamwambia amepata, yaishe, kesho nivirudishe vitabu vya watu.

Akatoka na kibakuli cha sukari na uso wa kuchekesha watoto.

"Baba, umepata yote! Sawa kabisa, hukukosea hata mahali pamoja."

Mzee aliinua kichwa polepole. Alimtazama binti yake juu ya miwani, vile alivyokuwa akimtazama zamani aliporudi na sare iliyoraruka akasema ni mti.

"Wewe unajua Kikorea tangu lini?"

Jamilah alitua kibakuli cha sukari juu ya sinia.

"Njoo hapa, mama," alisema mzee, si kwa ukali. Akageuza kitabu ili wote wawili wakione, akashusha kidole hadi chini kabisa ya ukurasa. Palikuwa na kimstari cha herufi ndogo sana, ambacho Jamilah alikuwa amekiona kwenye kila ukurasa bila kukijali. Alidhani ni jina la mchapaji. "Hii ndogo mimi nasoma bila shida. Hii maneno nilisoma kila siku darasani. Inasema: majibu yote iko ndani ya kitabu ya pili." Akafunua ukurasa wa kwanza wenye jani. "Na hapa wameandika vilevile. Hii ndiyo nilisoma kwanza, kabla ya kijana." "Kitabu ya pili iko jikoni, na sukari?"

Unaweza kufikiri Jamilah alifurahi. Si ndicho alichokitaka? Ushahidi wenyewe ulikuwa mbele yake, herufi ndogo ambazo yeye wala Kasimiro wala mji mzima hawakuweza kuzisoma, na mtu mmoja amezisoma. Lakini hakufurahi. Alikwenda jikoni, akaleta cha njano, akakiweka juu ya mapaja ya mzee na kukaa chini sakafuni, na machozi yakamtoka kama mtoto.

"Nilikushuku, Baba. Nisamehe. Mimi ndiye nilikushuku."

"Najua."

"Ulijua tangu mwanzo na ukaendelea kusoma?"

"Mutihani ni mutihani. Mutu hatoki katikati." Alijaribu kucheka, kicheko kikaishia njiani. Akawa anapapasa jalada la kitabu kwa kiganja. "Ile siku ya pancha nilikusikia nje. Nilisikia unawaambia, ngojeni, baba yangu anakuja. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika komeo. Nikatafuta neno moja tu, ya kumsalimia yule mutu. Moja tu, Jamilah. Haikukuja. Nikatafuta ingine, haikukuja. Kichwa yote nyeupe."

"Ungeniambia, Baba."

"Nikuambie nini? Wote wale walikufa. Hakuna mutu wa kuniambia, ndiyo, Yasiri, tulikuwa pamoja, unakumbuka ile baridi. Karatasi hakuna. Picha hakuna. Nasema mimi peke yangu, miaka yote, na watu wanacheka. Na ile siku nikakosa hata salamu." Sauti yake ilishuka mpaka Jamilah akalazimika kuacha kulia ili asikie. "Nilikaa pale nyuma ya mlango nikasema, labda Sebit iko na haki. Labda mimi sikuenda. Labda niliota, nikapenda ile ndoto, nikaanza kuwaambia watu. Wewe ulinishuku mwezi moja, mama. Mimi nilianza kujishuku zamani."

 Jamilah alishika mguu wa babake kwa mikono yote miwili, mguu mkavu wenye vumbi la ua, akaushikilia. Kwa jirani redio ilizimwa. Mzee akamsukumia cha njano.

"Fungua hiyo yako. Leo nimekosa mingi. Wewe soma ya Kizungu, mimi nisome ya kwao, tuone wapi nimepotea."

Jamilah alifuta uso kwa kitenge, akafungua ukurasa wa bibi na posta. Mzee Yasiri alirekebisha miwani na kuweka kidole mwanzo wa mstari. Alisoma kwa sauti, neno, kituo, neno, kituo, na binti akamfuata nyuma kwa tafsiri yake. Bibi akauliza njia. Mpita njia akamwambia ngoja nikupeleke. Walipofika hapo mzee aliruka kitini.

"Twende pamoja! Ndiyo! Hii ni twende pamoja!" Akalitamka tena kwa Kikorea, kwa nguvu, kwa sauti ya kambini, mpaka mpasua kuni wa nje akaacha shoka. Akalirudia polepole, kana kwamba analionja. Kisha akaegemea kiti, kidole bado kiko juu ya neno lile.

"Nilienda," alisema. "Nilienda kweli."

Na hakuwa akimwambia Jamilah.